Chemli ya Babu

Umeme umekatika nikiwa na povu la sabuni kichwani. Sisemi neno, nimeshazoea. Simu ina asilimia tatu, nayo nimeinyamazia. Ila nikajiambia, mtu mzima hawezi kupapasa kuta kama mwizi wakati juu ya kabati kuna chemli ya marehemu babu, kioo kizima, mafuta yamo.

Nikaishusha kwa heshima zote. Mpwa wangu akanimulikia kwa ile asilimia tatu.

"Mjomba, inawashwa wapi?"

Nikakohoa kwanza. Hiki si kibatari, nikamwambia. Waiona hii mirija miwili ya ubavuni? Akili ya Mmarekani, John Irwin, miaka ya 1860. Hewa inashuka humo, inaulisha moto kutoka chini, ndiyo maana upepo hauizimi ovyo. Watu wa reli walisimamisha treni kwa taa za mkono namna hii, ukiona kioo chekundu...

"Kwa hiyo inawashwa wapi?"

Nikabonyeza kiwaya cha kuinulia kioo. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikarusha kichwa, sijui kilikoangukia. Ya tatu ikawasha kidole. Ya nne, alhamdulillahi, utambi ukashika, nami kwa tamaa ya mwanga nikaupandisha mpaka mwisho. Kosa! Utambi hupandishwa kidogo tu, na kabla ya hapo hukatwa ukalingana, vinginevyo moto unaota pembe. Wangu uliota pembe moja, ndefu, na moshi juu yake. Punde kioo kikawa cheusi kuliko chumba.

"Imezimika, Mjomba?"

"Inawaka!"

"Wapi?"

Nikaizima. Nikasubiri kioo kipoe, maana ukikigusa na kitambaa kibichi kikiwa cha moto, unaokota vipande. Sasa kukisafisha. Utotoni hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila jioni kabla ya giza: gazeti limekunjwa, mkono ndani, zungusha. Nilidhani babu ananipenda kuliko wajukuu wengine. Kumbe alipenda upana wa kiganja changu.

Kiganja hicho kimekua. Kuingia kiliingia, kutoka kikagoma. Nikavuta, nikanyonga, nikaomba. Hapo hapo umeme ukarudi, na mwanga wote ukanimwagikia: taulo kiunoni, masizi puani, mkono ndani ya kioo kama nimefungwa plasta. Mpwa hakunisaidia, alipiga picha. Simu ambayo haina chaji ya kumsalimia mama yake!

Kilichoniokoa ni lile povu la kichwani. Nikalichota, nikalipaka kwenye kifundo, mkono ukachomoka.

Lakini njiti za siku hizi jamani, wanazitengenezea nini? Nimehesabu zilizobaki kwenye kiberiti. Tisa, na mbili hazina kichwa kabisa, zimetoka kiwandani hivyo hivyo.