Chuo cha ufundi kwanza, au kazi kwanza?

Hoja ya kujenga chuo cha ufundi stadi hupita kirahisi kwenye baraza la madiwani. Nani atasimama kupinga vijana kufundishwa kazi? Tena jengo jipya lina faida isiyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao: lina jiwe la msingi, na jiwe lina jina la aliyelizindua. Hivyo dai lenyewe, kwamba chuo kitainua uchumi wa eneo, hupita bila kuhojiwa.

Wanaolitetea wana mfano mzuri. Jimbo la South Carolina nchini Marekani, lililotegemea sana viwanda vya nguo, lilianzisha mafunzo ya ufundi mwaka 1961 kwa lengo la wazi la kuvuta wawekezaji. Kampuni ya magari ya BMW ilipotangaza mwaka 1992 kwamba itajenga kiwanda huko, mafunzo ya wafanyakazi yalikuwa sehemu ya kilichoivutia. Sehemu tu, maana kulikuwa pia na nafuu za kodi, ardhi na bandari ya Charleston. Isitoshe, jimbo lilizoea kupanga mafunzo kwa kumtazama mwajiri anayekuja.

Upande wa pili una mtafiti Philip Foster, aliyechunguza elimu ya Ghana na kuandika mwaka 1965 kwamba vijana waliokimbilia masomo ya kawaida badala ya ufundi hawakuwa wamepotoka. Walikuwa wamelisoma soko: kazi za ofisini ndizo zilizolipa. Kubadili mtaala hakubadili mishahara, na fundi aliyehitimu mahali pasipo na kazi hubaki bila kazi.

Kwangu mifano hii miwili haigongani. Yote inarudi kwenye swali la nani atawaajiri wahitimu, au nani atawapa zabuni wakijiajiri.

Swali zito zaidi, ambalo pande zote mbili hulipita haraka, ni gharama za uendeshaji. Kitabu cha historia kinaweza kutumika miaka kumi. Darasa la uchomeleaji hula vyuma, elektrodi (vijiti vya kuchomelea) na umeme kila siku ya mazoezi. Mfadhili wa ujenzi hupatikana. Mfadhili wa elektrodi sijawahi kumsikia. Fungu la vifaa likikauka, mwanafunzi huishia kuchora daftarini kiungo alichopaswa kukichomelea. Na mwalimu je? Fundi hodari hupata zaidi nje kuliko mshahara wa chuo, kwa hiyo chuo kisichomlipa vizuri hubaki na aliyeiacha karakana zamani.

Kuna pia wahitimu wanaohama. Kwa kijana, kuondoka na ujuzi ni faida tupu. Kwa halmashauri iliyomsomesha kwa mapato yake ya ndani, ni hasara. Sioni hilo kuwa sababu ya kukataa chuo. Ni sababu ya kuitaka serikali kuu ibebe sehemu ya gharama, kwa kuwa faida yake inavuka mipaka ya halmashauri.

Wengine hupendekeza uanagenzi wa Ujerumani, ambako kijana hugawa wiki kati ya shule na mwajiri anayemlipa. Ila kule waajiri wenyewe, kupitia chemba zao, yaani vyama vyao vya biashara na ufundi, husimamia mitihani. Mfumo huo hauletwi kwa azimio la kikao. Kinachowezekana ni kuanzia kwenye karakana zilizopo, ambako vijana tayari wanajifunza kwa mafundi, na halmashauri ikalipia nadharia, usalama kazini na upimaji wa ujuzi. Ni nafuu kuliko majengo. Hata hivyo, fundi hufundisha anachokijua, na kwa mifumo ya kielektroniki ya magari au umeme wa jua mara nyingi hakuna wa kumwiga. Hapo chuo kina hoja yake, nayo ni ya karakana moja au mbili zilizokamilika vifaa kabla ya kuwaza mabweni.

Ningekuwa diwani, ningeomba hoja irudi na nyaraka mbili: majina ya waajiri walioweka saini kupokea wanafunzi wa mazoezi, na bajeti ya uendeshaji ya miaka mitano inayoonyesha kila fungu litatoka wapi. Zikikosekana, ningepiga kura ya hapana hata kama kiwanja kimetolewa bure.