Paki ya burudani na mtoto mwenye mahitaji maalum: panga kwanza saa ya kutoka

Zile ratiba za mtandaoni za kumaliza paki nzima kwa siku moja hazikuandikwa kwa ajili ya familia zetu, tukubaliane hapo kwanza. Mtu anakwambia fika geti halijafunguliwa, kimbilia rola kosta kubwa, kula huku unatembea, ubaki mpaka fataki za usiku, yaani hata mtu mzima mwenye nguvu zake akitoka hapo anatafuta likizo nyingine ya kupumzikia, sembuse mtoto mwenye usonji au yule ambaye kelele na taa zinamzidi.

Msimamo wangu ni kwamba kitu cha kwanza kupanga ni saa ya kutoka. Najua wengi watabisha. Lakini angalia siku yenyewe inavyokwenda: asubuhi foleni fupi, hewa nzuri, mtoto kalala vizuri, halafu ikifika mchana watu wamejaa, jua kali, muziki unapigwa kila kona, na mtoto aliyekuwa anajikaza tangu asubuhi sasa hana akiba tena. Akizidiwa pale katikati ya umati hamtoki kwa amani, mnatoka mnaburutana na watu wanawatolea macho. Sasa mkiwa mmeshaamua tangu jana kwamba saa sita mnaondoka hata kama mambo yanaenda vizuri (hasa kama yanaenda vizuri!) mtoto anaondoka bado ana hamu, na kesho ukimwambia turudi hatagoma. Wakitaka kurudi jioni kukipoa, sawa, warudi. Ndiyo maana kama hela ni ya kuchagua mimi nachagua chumba kidogo karibu na paki kuliko kikubwa cha mbali, na kama mnakaa siku kadhaa basi katikati iwepo siku ya kutokwenda kabisa, watu walale, waogelee, waangalie katuni.

Atatokea tu mtu wa kusema "lakini tiketi tumeshalipia". Ndiyo, zimeshalipiwa, na hela hiyo hairudi mkikaa masaa manne mengine mtoto analia.

Kuhusu foleni, hapa ndipo pa kufanya homwek kabla ya kununua chochote maana kila paki ina utaratibu wake na unabadilika. Disney kwa mfano wana huduma inaitwa DAS (Disability Access Service, yaani huduma ya foleni kwa wenye ulemavu), ilianza 2013, na watu wanadhani ni kupita mbele ya wenzako, siyo hivyo, unapewa muda wa kurudi unaolingana na foleni ilivyo wakati huo, kwa hiyo mnasubiri kama wengine ila mnasubiria kivulini au sehemu tulivu. Anayesema mnapendelewa ajaribu kusimama saa nzima kwenye kona za vyuma na mtoto asiyeweza kusimama dakika tano tuone. Sasa mwaka 2024 walikaza masharti, wakasema imelengwa zaidi kwa wenye changamoto za ukuaji kama usonji ambao hawawezi kukaa kwenye foleni ya kawaida kwa muda mrefu, na unaongea na mhudumu kwa video kabla hawajakukubalia. Familia nyingi zilizokuwa zinaitegemea zikajikuta nje, na kusema ukweli uamuzi ule siupendi, maana ulemavu hauko wa aina moja. Usisafiri kwa kutegemea alichopata jirani miaka iliyopita, uliza mwenyewe.

Mwenye kiti cha magurudumu uliza swali moja zaidi: bembea ipi anaingia na kiti chake na ipi lazima ahamie kwenye siti, kwa sababu kwenye paki nyingi wahudumu hawaruhusiwi kumnyanyua mgeni, hiyo kazi ni yenu. Uliza na chumba tulivu kiko wapi, choo cha kuingia na msaidizi kiko wapi. Viweke kwenye ramani kabla ya bembea yoyote. Hedifoni za kuzuia kelele ubebe mwenyewe, na mtoto azizoee nyumbani, usimvalishe mara ya kwanza getini.

Halafu jamani si lazima iwe paki kubwa yenye jina. Kule San Antonio, Texas kuna Morgan's Wonderland, ilifunguliwa 2010 na baba mmoja, Gordon Hartman, aliyetaka binti yake apate pa kucheza, na mtu mwenye ulemavu anaingia bure. Bembea zao zimetengenezwa ili kiti cha magurudumu kipande, na 2017 wakaongeza paki ya maji ambako kuna viti maalum vinavyoingia kwenye maji. Sesame Place ya Pennsylvania nayo mwaka 2018 ilikuwa paki ya kwanza ya burudani kupewa cheti cha kituo kilichoandaliwa kuhudumia wenye usonji, wafanyakazi wanapewa mafunzo na kila bembea ina maelezo ya kelele, mwanga na mitikisiko kiasi gani. Maelezo hayo ndiyo ramani ya hisia, na paki ikiwa nayo, ina faida kwako kuliko blogu kumi za watalii.

Kinachosahaulika mno ni ndugu wa huyo mtoto. Wao wanataka rola kosta, na mwaka mzima wamesikia "subiri kidogo, mdogo wako kwanza". Paki nyingi zina utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Na ile jioni wengine wamelala hotelini, mzazi mmoja arudi paki na mkubwa peke yake, wapande wanachotaka hata mara tano, na asiambiwe mdogo wake atajisikiaje.