Sala ya kimya na zoezi la pumzi: Wakristo wa Kusini wanabishania nini?

Miongoni mwa Wakristo wa Mtwara na Lindi, kusini mwa Tanzania, limezuka swali ambalo pande zote mbili zinalijibu kwa haraka mno. Vijana wenye simu janja wamejifunza humo mazoezi ya kutuliza akili: kukaa wima, kufumba macho, kufuatilia pumzi inavyoingia na kutoka, na kuyaacha mawazo yapite bila kushindana nayo. Baadhi yao huyafanya kabla ya sala, na wengine wameanza kuyafanya badala ya sala. Wapo wachungaji wanaosema kwamba hiyo ni dini ya Kibudha iliyobadilishwa jina, na wapo waamini wanaowajibu kwamba ni mambo ya afya tu, hayahusiani na imani. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yanaliruka jambo lenyewe, yaani mtu anaponyamaza, ananyamaza mbele ya nani.

Hoja ya asili ina ukweli ndani yake. Mazoezi hayo, kwa sura yanayojulikana nayo leo, yalianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Yeye alikuwa amejifunza tafakari ya Kibudha. Akaitenga na mafundisho ya dini hiyo, akaipangia programu ya majuma 8 kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Anayesema kwamba chimbuko lake ni la Kibudha hakosei. Anakosea anapohitimisha kwamba kila ukimya wa Mkristo basi umetoka huko. Katika karne ya 5 Yohane Kasiano aliandika habari za wamonaki, yaani watawa wa kiume, wa jangwa la Misri waliorudia mstari mmoja wa Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima", wawapo kazini, safarini na hata usingizi unapowachukua. Wakristo wa Mashariki nao walidumu katika sala fupi ya Yesu, "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi", na kufikia karne ya 14 wapo walioiambatanisha na mwendo wa pumzi. Pumzi haikuingia kanisani kwa njia ya simu.

Wala huku Kusini ukimya huo si mgeni. Misheni ya Wabenediktini, shirika la wamonaki Wakatoliki, ilianza Nyangao na Lukuledi katika miaka ya 1890, ikaharibiwa katika vita vya Maji Maji, na mwaka 1906 ikafunguliwa Ndanda, mahali ambapo abasia, yaani makao ya wamonaki, ipo hadi leo. Katika kwaya ya Kibenediktini zaburi huimbwa na pande mbili kwa kupokezana, na katikati ya kila mstari sauti hukatika kwa muda wa pumzi moja kabla ya nusu ya pili kuanza. Pengo hilo dogo humfundisha mwimbaji kwamba neno alilotamka si lake, na kwamba halina haja ya kuharakishwa. Utaratibu huohuo upo katika usomaji wa Neno ambao Guigo wa Pili, mmonaki wa karne ya 12, aliupanga kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, na hatimaye taamuli, ambapo mtu hukaa mbele ya Mungu bila kutafuta maneno. Linganisheni na jumuiya zetu ndogondogo. Somo likiisha kusomwa, kabla msomaji hajaketi, mwenyekiti amekwishauliza nani ana mchango. Baada ya hapo ni matangazo, michango ya ujenzi, na wimbo wa kufunga. Sisi wenyewe tuliliacha wazi pengo ambalo vijana wanalijaza kwa simu.

Hata hivyo, pingamizi la ndugu zetu wa makanisa ya Kipentekoste linastahili kusikilizwa kwa makini kuliko linavyosikilizwa. Wao huleta Mathayo 12, pale pepo mchafu anaporudi na kuikuta nyumba "tupu, imefagiwa na kupambwa", naye huleta wenzake saba. Kwa msomaji wa mbali hilo laweza kuonekana ni mfano tu. Kwa familia nyingi za huku, ambazo hofu ya majini na ya kurogwa ni jambo la kila siku, kumwambia mtu aliyeombewa juzi kwamba aiachie akili yake iwe tupu ni kumtia katika hofu ileile aliyotoka. Tena Biblia inapoagiza kutafakari, kwa mfano katika Yoshua 1:8, hutaja kitu cha kutafakariwa, nacho ni Neno.

Kanisa Katoliki lenyewe liliona hatari inayofanana na hiyo. Wamonaki watatu wa shirika la Watrapisti, wa abasia ya Spencer, Massachusetts, akiwemo Thomas Keating, walipoeneza katika miaka ya 1970 sala ya kukaa kimya kwa dakika 20 mara mbili kwa siku kwa kushika neno moja takatifu, wengi walinufaika na wengine wakauliza Kristo amebaki wapi. Mwaka 1989 ofisi ya Vatikani ya mafundisho ya imani, ikiongozwa na Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16, iliandika barua juu ya tafakari ya Kikristo. Haikukataa kila kilichotoka katika dini nyingine, bali ilionya kwamba raha ya mwili na utulivu wa neva visichukuliwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu. Mtakatifu Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, alikuwa amekwisha kusisitiza, karne 4 kabla, kwamba hakuna kimo cha sala kinachompa mtu ruhusa ya kuuacha ubinadamu wa Yesu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ni afya tu. Anayeipima sala kwa utulivu atadhani ameshindwa kila anapoinuka akiwa bado na uchungu, ilhali Bwana katika Gethsemane aliomba hadi jasho lake likawa kama matone ya damu, na sala ile haikuwa na kasoro. Mkulima wa korosho anayesubiri malipo yaliyochelewa huku ada ya mtoto ikidaiwa ana haki ya kulia mbele za Mungu, na ana haki ya kudai fedha zake. Asipewe zoezi la pumzi ili anyamaze. Vilevile, kwa mtu mwenye sonona au aliyepitia jambo zito, kufumba macho kwa muda mrefu huweza kumrudishia yaliyomuumiza, na huyo ahitaji hospitali pamoja na sala.

Kwa upande mwingine, anayenukuu Mathayo 6:7 dhidi ya kurudia neno moja asome mstari wote. Yesu anawakemea wanaodhani kwamba watasikiwa "kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi", na kemeo hilo linaugusa mkesha wenye vipaza sauti sawasawa na linavyougusa mnong'ono wa rozari. Eliya hakumkuta Bwana katika upepo wala tetemeko wala moto. Ikaja sauti ndogo, ya utulivu.

Naona hakuna ubaya Mkristo akianza kwa kuituliza pumzi yake, mradi asiishie hapo: alishike Neno alilolisoma, amwelekee Kristo kwa jina, na sala hiyo ipimwe na walio nyumbani mwake, kwamba amekuwa mvumilivu zaidi au la. Katika jumuiya, dakika mbili za kimya baada ya somo zinatosha kuanzia. Ugumu uliobaki ni wa viongozi. Mapadre na wachungaji wachache wamefundishwa kumsindikiza mtu katika sala ya namna hii, na katekista wa kigango cha mbali hana wa kumuuliza. Ndanda kuna watu wanaoyaishi mambo haya kila siku. Majimbo ya Mtwara na Lindi, pamoja na Waanglikana wa Masasi, wangeweza kuwapeleka huko makatekista na wainjilisti wao kwa siku chache kila mwaka, nje ya msimu wa korosho.