Mlingoti wa Mjomba

Mjomba wangu wa Kigamboni ana kimashua cha tanga alichoachiwa na mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kimashua chenyewe hakina makuu, ila mlingoti wake ni wa alumini, mita 5, na mjomba anausifia kuliko anavyowasifia wanawe. Sasa mimi, mhasibu, mtu ambaye chuma pekee nilichowahi kukinyoosha ni pini ya stepla, ndiye niliyeuona ufa. Urefu wa kidole, karibu na kitako. Mjomba alikuwa amekwenda Tanga (mji, si lile la mashua). Nikajisemea, akirudi atakuta mambo safi.

Fundi mmoja wa Gerezani aliniambia kwenye simu kwamba alumini haichomelewi kwa mashine ya mageti, ina mashine yake na gesi yake ya agoni, niupeleke. Nikaona huyu anataka kunipiga. Nikanunua tochi ya gesi na vijiti vya kuungia, nikaulaza mlingoti uani juu ya matofali, nikavaa miwani ya jua.

Jirani yetu mama ntilie akachungulia.

"Mwanangu, hicho si kitu kilekile cha sufuria?"

"Ndicho, mama."

"Haya. Sufuria ikikaukiwa jikoni huwa haiagi. Unakuta imeshatoboka."

Nikacheka kistaarabu. Mimi nilikuwa na elimu yangu: chuma kikiiva huwa chekundu. Kwa hiyo nikapiga moto nikingoja wekundu. Dakika tano. Kumi. Mlingoti kimya, uleule, kama mdaiwa anayejifanya hajakuona.

Kumbe alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na juani pale huoni wekundu wowote kabla haijafika huko. Tena juu ina kiutando kinachohitaji nyuzi zaidi ya 2,000 ndipo kiyeyuke. Basi ndani imeshakuwa uji na nje ngozi imeshika, kama maziwa yaliyochemka. Nilipoona pamefanya kamkunjo nikafurahi, nikasema sasa inakubali. Nikaugusa ufa kwa kijiti.

Pwaa! Kipande cha ukubwa wa kiganja kikashuka chote mchangani, na tone moja likapita katikati ya kandambili yangu ya kushoto. Mguu ulishatoka, sijui saa ngapi. Mlingoti ukataka kubingirika, nikaudaka hatua nzima kutoka kwenye moto, nikiamini huko kumepoa. Alumini inasafirisha joto kuliko umbea. Mama ntilie akaleta ndoo ya maji, nikatumbukiza mkono. Hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kiganja.

Jumatatu nikapanda pantoni, mlingoti begani. Kijana mmoja nyuma yangu akaniamkia, "Shikamoo kaka!" Nikageuka kuitikia. Ncha ya mbele ikafagia kofia ya mzee mmoja. Nikageuka kumwomba radhi mzee, nyuma nikasikia beseni la maembe linamwagika na mwenyewe anapiga yowe. Kuanzia hapo hadi Kivukoni sikugeuka tena, hata waliponitukana.

Fundi wa Gerezani aliinama akachungulia kwenye tundu, tukaonana macho kwa macho, mimi nikiwa upande wa pili. Akasema hata sehemu za jirani zimelegezwa na moto, hapo hakuna cha kuchomelea. Akakata sentimita 40 kwa msumeno, akanifungia kipande kwenye gazeti kama nyama.

Mjomba alirudi Jumatano. Nilikuwa nimeshausimamisha mlingoti na kutweka tanga, ambalo sasa lilikuwa linaburura chini kama kanga ya mama aliyovishwa mtoto. Mjomba akasimama, mikono nyuma, akatazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena.

"Shikamoo mjomba."

Hakuitikia.

"Niitie huyo ngariba," akasema, "aliyeutahiri mlingoti wangu."

Nikaficha nyuma mkono wenye bandeji.