Fomu Haigongi Mhuri

Anayepeleka barua ofisini kwa mkono huenda na nakala mbili. Moja hubaki masijala, nyingine hugongwa mhuri wa "Imepokelewa" na tarehe, akarudi nayo nyumbani. Siku faili likipotea, nakala ile ndiyo inayomtetea.

Tovuti nyingi zimeondoa anwani ya barua pepe zikaweka fomu: jina, ujumbe, bonyeza "Tuma". Mafundi wanaozijenga wana hoja, wala si ya kubeza. Roboti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, huzunguka intaneti usiku na mchana zikitafuta alama ya @ kwenye kurasa, na anwani iliyonaswa huishia kwa watuma barua taka na matapeli. Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitega anwani 250 sehemu mbalimbali za mtandao. Kati ya zilizowekwa kwenye kurasa za wavuti, asilimia 86 zilipata barua taka.

Hapo aliyefikiriwa ni mwenye tovuti. Mfikirie na anayeandika. Mteja aliyetozwa mara mbili anajaza fomu kwa simu, anabonyeza, skrini inamwambia "Asante, tumepokea". Amebaki na nini? Kwenye barua zake zilizotumwa hamna kitu. Maneno yake hanayo, tarehe hana, na risiti aliyotaka kuambatisha haikupata pa kuwekwa. Wiki mbili baadaye anapiga simu, anajibiwa kwamba malalamiko yake hayaonekani. Atabisha kwa lipi? Mimi yamenikuta: ilibidi niandike upya kwa kumbukumbu, na tarehe niliyoikumbuka ikawa siyo, nikaonekana mwongo katika jambo lililokuwa haki yangu. Bado sijataja bando linaloisha katikati ya kutuma, maandishi yote yakapotea, wakati barua pepe ingesubiri ndani ya simu mpaka mtandao urudi.

Tena fomu yenyewe si kinga kamili. Iliyotengenezwa ovyo humruhusu mhalifu kupenyeza mistari yake kwenye sehemu ya mada, akaongeza wapokeaji anaowataka, na seva yako ikageuka msambazaji wa barua taka.

Cha kutenganisha ni anwani ya mtu na anwani ya ofisi. Yenye jina la mhasibu isianikwe: tapeli akiipata, ameshajua amwandikie nani akijifanya mkurugenzi anayeagiza malipo ya haraka. Ya ofisi, inayoanza na "info" au "malalamiko", iwekwe wazi. Husomwa na zaidi ya mtu mmoja, na mfanyakazi akihama haifi. Barua taka zitaingia, ndiyo, lakini kuzichuja ni kazi ya ofisi, tena vichujio vya leo si vya mwaka 2002. Umoja wa Ulaya, katika mwongozo wake wa biashara ya mtandaoni wa mwaka 2000, ulitaka anayetoa huduma mtandaoni aoneshe anwani yake ya barua pepe pamoja na taarifa nyingine. Sioni kwa nini mteja wa Mbeya au Kisumu astahili pungufu ya hapo.

Anayeona hawezi kuacha fomu, basi aiweke pembeni ya anwani, na ikishatumwa itoe namba ya kumbukumbu, tarehe, saa, na maneno yote aliyoandika mteja, vikae kwenye skrini ayahifadhi. Nakala isijitume yenyewe kwa anwani yoyote iliyojazwa, maana mtundu ataandika ya mtu mwingine amjazie kisanduku.