Unauza Bei Gani?

Nyumba ninayoishi Raskazone, hapa Tanga, ina banda la gari upande wa kulia, na gari lenyewe nililiuza miaka saba iliyopita. Nasema banda la gari kwa makusudi, kwa sababu nikisema gereji msomaji wa hapa atadhani ninazungumzia mahali penye mafundi, madimbwi ya oili na daladala zilizopandishwa juu ya matofali. Ndani ya banda hilo pana meza ya kazi yenye urefu wa futi sita na upana wa karibu futi mbili, niliyoiunda mwenyewe, na juu yake, jioni nikitoka kazini na Jumamosi tangu asubuhi, ninaranda, ninakata na aghalabu ninaharibu mbao. Kazi inayonipa mshahara ni uhasibu. Mlango wa banda unatazama barabarani nami huuacha wazi ili upepo wa bahari uingie, hivyo kila apitaye huona, na karibu kila aonaye husimama, husalimu, halafu huuliza swali lile lile: “Unauza bei gani?”

Nataka kulijibu swali hilo kwa urefu kuliko ninavyoweza kulijibu nikiwa na msumeno mkononi. Siuzi. Tena ninaamini kwamba mji wetu ungepata faida kubwa kama watu wengi zaidi wangekuwa na meza za namna hii majumbani mwao, wakakataa, kwa adabu lakini bila kuyumba, kuzigeuza kuwa biashara.

Ugumu wa kueleweka unaanzia kwenye lugha yenyewe. Mtu afanyaye kazi ya mkono kwa kuipenda tu hana jina zuri katika Kiswahili cha leo. Neno la zamani lipo, nalo ni uraibu, ambalo hutumika kwa tambuu na tumbaku, na ambalo kamusi zimelipa pia maana ya jambo ambalo mtu hupenda kujishughulisha nalo. Lakini siku hizi ukitaja mraibu watu wote humwona akilini kijana aliyenaswa na dawa za kulevya, na sithubutu kumwambia mama mkwe wangu kwamba mimi ni mraibu wa mbao. Nikijiita fundi nitakuwa nimesema uongo, kwani fundi ni mtu aliyepitia uanagenzi, akafagia maranda ya mwalimu wake muda mrefu kabla ya kuaminiwa patasi. Hobi ni neno la kujazia fomu. Basi nimebaki bila jina, na mtu wa pwani akikosa jina la kile anachokifanya, majirani hudhani ama amefilisika ama anaficha mradi.

Wazee nao wana methali yao, kazi mbi si mchezo mwema, na nimeambiwa methali hiyo mara nyingi nikiwa nimejaa vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Sibishani na wazee, ila naona methali hiyo imegawa dunia mafungu mawili, kazi na mchezo, ikasahau fungu la tatu, lile ambalo mtu hutoka jasho kama kibarua bila kulipwa na bila kucheza.

Nilianza vibaya. Kabla ya kuwa na meza nilikatia mbao kwenye ukingo wa meza yetu ya chakula, na siku moja msumeno ulipita kwenye ubao ukaendelea hadi kwenye meza yenyewe. Mke wangu hakusema neno kwa siku mbili, jambo ambalo wanaume waliooa wataelewa uzito wake. Baadaye nilifarijika kidogo kujua kwamba Ron Hickman, mhandisi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyesanifu magari katika kampuni ya Lotus huko Uingereza, naye aliwahi kukiharibu kiti kwa msumeno kwa kukitumia kama meza ya kazi, na kutokana na kosa hilo akabuni ile meza ya kukunja yenye mdomo wa kubana mbao, iliyokuja kuuzwa na Black & Decker kwa jina la Workmate. Mimi sikubuni kitu. Niliomba radhi, nikaenda kutafuta mbao.

Hapa naomba niseme jambo ambalo nimelijua kwa hasara: mtu anayeanza asinunue mashine kabla ya kuwa na meza. Mimi nilinunua kwanza, kwa bei iliyonifurahisha, keekee ya umeme ya mtumba iliyotoka Japani, nikaichomeka ukutani, ikatoa mlio mkali, kisha moshi, kisha harufu ambayo ilikaa ndani ya banda wiki nzima. Umeme wa Japani ni wa volti 100 na wetu ni wa volti 230, na maandishi madogo ubavuni mwa chombo kile yalisema hivyo waziwazi kwa yeyote ambaye angejisumbua kuyasoma. Lakini hata kama isingeungua, isingenisaidia sana, kwa kuwa ubao usiobanwa hautoboleki sawasawa wala hauranduki. Kazi ya meza ni kushikilia. Ikitikisika, nguvu ambayo ungeiweka kwenye makali ya randa inapotea katika kuisukuma meza yenyewe, na utamaliza jioni ukiwa umeitembeza meza kutoka ukuta mmoja hadi wa pili huku ubao ukiwa na magamba kama samaki.

Kwa hiyo meza inapaswa kuwa nzito. Ya kwangu ina uso wa paina, mbao 13 za mbili kwa nne nilizozisimamisha kwa ubavu na kuziunganisha kwa gundi, hata unene wake ukakaribia inchi nne. Klampu za kutosha sikuwa nazo, basi nilizifunga mbao zile kwa kamba nene za mkonge, nikapenyeza vijiti na kuzisokota hadi gundi ikatoka kwenye maungio. Sidhani kama Mjerumani Richard Hindorf, aliyeleta mkonge huku mwaka 1893, ambapo miche 62 tu ilinusurika kati ya elfu moja iliyotoka Florida, alifikiria matumizi hayo. Miguu ni ya mtiki, aina ile inayopandwa kwenye shamba la serikali la Longuza, Muheza, na sababu ya kuuchagua ni mchwa, ambao kwenye banda langu hupanda kutoka chini baada ya kila masika na ambao mtiki hauwavutii. Atakayenifuata ajue mambo mawili kuhusu mti huo: una mafuta yanayokataa gundi, hivyo sehemu za kuungia zifutwe kwanza kwa spiriti, na ndani yake mna silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga, inayomaliza makali haraka kiasi kwamba siku ya kuchonga miguu nilinoa patasi mara nyingi kuliko nilivyoigonga.

Juu ya kimo nilipata ushauri wa mzee mmoja wa Ngamiani, seremala tangu ujana wake, ambaye alikuja kuniona kwa sababu aliwahi kunitengenezea milango. Aliniambia nisimame wima, niache mikono ining'inie, na uso wa meza uishie pale kiganja kinapoanzia, ili wakati wa kuranda uzito wa mwili wote ushuke juu ya randa badala ya mabega kufanya kazi peke yake. Kwangu ikawa inchi 34. Nilipomwonyesha jiliwa, yaani kibanio cha mbao, niliyoifunga mbele ya meza, mdomo wake ukiwa sambamba na ukingo, alicheka, akaketi sakafuni juu ya kipande cha boksi, akabana ubao kwa nyayo zake mbili na kuanza kuuchonga kwa tezo. “Mhasibu,” akasema, “jiliwa yangu nilizaliwa nayo.” Mafundi wengi wa pwani, wakiwemo waunda vyombo vya baharini, wamefanya kazi kwa namna hiyo tangu enzi na enzi, na sina hoja ya kumshinda nayo isipokuwa magoti yangu.

Sasa nirudi kwenye swali la bei, maana ndilo linaloniudhi. Tumezoea, hasa katika miaka hii ambayo kila semina ni ya ujasiriamali na kila mazungumzo huishia kwenye neno fursa, kuamini kwamba kitu anachokipenda mtu ni mtaji uliolala. Vijana wamehadithiwa habari za mabanda ya magari ya Marekani kana kwamba ni ngano za sungura: jinsi William Hewlett na David Packard walivyoanzisha kampuni mwaka 1939 kwenye banda la nyumba namba 367 ya Addison Avenue, mjini Palo Alto, kwa dola 538, na jinsi banda hilo lilivyowekewa kibao kinacholiita mahali ilipozaliwa Silicon Valley, yaani kitovu cha kampuni za kompyuta huko California. Habari ni ya kweli. Ila Steve Wozniak, aliyeanzisha kampuni ya kompyuta ya Apple pamoja na Steve Jobs, alisema mwaka 2014 kwamba habari za banda la kina Jobs zimetiwa chumvi, na kwamba usanifu wa kompyuta zao haukufanyika pale. Na hata tukiyahesabu mabanda yote yaliyozaa kampuni, hayawezi kulingana na mabanda yaliyozaa rafu zilizopinda na viti vyenye miguu mitatu na robo, ambayo hakuna anayeyawekea kibao. Mimi niko upande wa haya ya pili.

Nasema hivyo nikiwa nimeonja pia upande wa kwanza. Miaka mitatu iliyopita mwenzangu kazini aliona picha ya kabati dogo la vitabu nililomtengenezea binti yangu, akaniomba naye nimtengenezee lake, akatoa na malipo ya awali. Nilikubali kwa sababu nilisifiwa, na sifa ni kitu kibaya kumpa mtu mwenye randa mpya. Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri. Wiki ya pili alinipigia simu kuulizia, kwa upole, naye alikuwa na haki yake. Kuanzia hapo kila nilipofungua mlango wa banda niliona deni limelala juu ya meza. Kosa ambalo kwenye kabati la binti yangu ningeliangalia kwa udadisi, nikatengua na kuanza upya, kwenye kabati hili nililifukia kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, nikapiga msasa juu yake, nikapaka vanishi usiku ili nisilione vizuri. Niliranda kwa haraka kwenda kinyume na mishipa ya ubao, jambo ambalo hata mwanagenzi wa siku ya pili hukatazwa. Masika yalipofika mlango wa kabati ulivimba ukagoma kufunga, kwa maana nilisahau kwamba ubao hupanuka kwa upana wake hewa inapojaa unyevu, na sikuacha nafasi. Nilimrudishia mwenzangu fedha zake zote. Kabati analo bado, mlango akiwa ameung'oa, na tukikutana kwenye ngazi tunaulizana hali ya familia.

Fundi wa kweli asingeanguka pale, kwa sababu yeye hujifunza tangu mwanzo kufanya kazi akiwa na mteja begani; hiyo ni sehemu ya ufundi wake kama ilivyo kunoa. Anayetaka kufika huko ana njia: vyuo vya VETA vinafundisha useremala, na mafundi wa mitaani wangali wanapokea wanagenzi. Mimi natetea kitu kingine, yaani haki ya mtu kufanya kazi polepole, kukosea kwa gharama yake mwenyewe, na kuacha kitu nusu mwezi mzima kwa kuwa hajaamua.

Lipo pingamizi moja ambalo nalipa uzito kuliko mengine yote: kwamba mtu mwenye mshahara akijitengenezea stuli anamnyima fundi riziki. Katika mji ambao mafundi hukaa nje ya karakana zao wakisubiri oda, si neno la kupuuzwa. Ninachoweza kusema ni hiki kilichonitokea. Kabla ya kuwa na meza nilikuwa mteja mkorofi. Fundi akitaja bei ya fremu ya mlango nilikata nusu kabla hajamaliza sentensi. Kisha nikajaribu mwenyewe kuchonga kiungo kimoja, ulimi wa ubao mmoja kuingia katika tundu la mwenzake, bila kulegea na bila kupasua, nikatumia jioni nne. Fremu ina viungo vya namna hiyo kila pembe. Tangu hapo nikiagiza milango, ambayo sitaijaribu kamwe, huuliza bei na kuilipa, na mbao zangu zote hupeleka kwa yule mzee wa Ngamiani azipitishe kwenye mashine yake ya kuranda kwa malipo.

Kitu nilichokimaliza karibuni kuliko vyote ni mbuzi ya kukunia nazi, ya kukunja, ubao mmoja ukipita ndani ya mwingine. Ulimi wa chuma alinifulia fundi wa vyuma. Imeegemea kushoto kidogo, kwa kuwa nilipima tundu kutoka upande usio sahihi na kuligundua hilo baada ya kukata, na mke wangu huiweka karibu na ukuta wa jikoni ili akiikalia imwegemeze. Ijumaa iliyopita jirani alimkuta akikuna nazi, akaitazama ile mbuzi, akauliza bei gani. Nilikuwa dirishani nasubiri kusikia.

“Hii haiuzwi, dada yangu,” mke wangu alimjibu bila kuinua kichwa. “Tena usiikalie kwa kushtukiza. Itakuangusha.”