Jino la Kale na Punje ya Ufuta

Mwambie mzee wa hapa Malindi kwamba jino la kale litasagwa ili ujulikane umri wake, na jibu utalipata kabla kahawa haijapoa: mwacheni maiti apumzike. Watunzaji wa makumbusho nao wana wasiwasi huohuo, ingawa wao huuita uharibifu wa kielelezo. Ndiyo maana upimaji wa spini za elektroni, yaani usumaku wao mdogo, kwa mawimbi yanayotetema haraka zaidi una washabiki: hutosheka na chembe ndogo ya jino.

Mnururisho wa asili, wa ardhini na wa angani, hung'oa elektroni ndani ya enameli, gamba gumu la nje la jino, na baadhi hunaswa humo kwa maelfu ya miaka. Itie enameli kwenye sumaku, ipigie mawimbi ya maikro, na elektroni hizo zitayanyonya. Zikiwa nyingi, jino limepokea dozi kubwa ya mnururisho. Yevgeny Zavoisky aliligundua tukio hili Kazan mwaka 1944, na mwaka 1975 Motoji Ikeya akalitumia kukadiria umri wa chokaa ya pangoni Japani.

Mashine ya kawaida hutumia mawimbi ya gigahezi 9.5 hivi, yaani mitetemo bilioni 9.5 kwa sekunde. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 3 na ushei, kwa hiyo kikasha cha sampuli ni kikubwa: enameli ya miligramu 100 inakienea, ya miligramu 3 ni abiria mmoja ndani ya jahazi. Ukipanda hadi gigahezi 95, wimbi hushuka hadi milimita 3 hivi, kikasha kinapungua nalo, na uzito wa punje ya ufuta huweza kutosha. Tundu dogo, jino linabaki jino.

Gharama ipo. Nguvu ya sumaku hupanda kutoka tesla 0.34 hadi 3.4, na sumaku hiyo kwa kawaida huwa ya nyaya zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Tena unga ukiwa wa chembe chache, zikalala upande mmoja, mchoro wa mawimbi yaliyonyonywa unapinda. Na kama sampuli ni kubwa, faida yenyewe inayeyuka.

Mimi lakini sigombani na mashine. Umri ni dozi yote kugawanya kwa dozi ya mwaka, na hiyo ya mwaka haimo jinoni peke yake. Imo katika urani, thoriamu na potasiamu ya udongo uliolizunguka, na katika unyevu wa udongo huo. Mtoto wa Panga ya Saidi, pango lililo kusini-magharibi mwa Malindi, aliyetangazwa mwaka 2021 kuwa alizikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, umri wake ulitokana na kupima mwangaza wa chembe za mashapo ya pangoni, wala si kwa kusaga meno yake. Kwa Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, njia hii ya spini hata nisingeipendekeza: miaka 1,200 na ushei hukusanya dozi ndogo, kupima kaboni 14 kunatosha.

Basi jino lililolala droo kwa miongo, udongo wake umekwisha kutupwa, litapimwa dozi kwa usahihi wa kupendeza na umri wake bado utayumba. Nikiombwa ruhusa ya kulitoboa, hata kwa punje moja, nitauliza kwanza ule udongo uko wapi.